Kona ya Daleti

Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025. Kulikucha na ukungu ulioshuka hadi kwenye migomba, hata mtu akikohoa ng'ambo ya kijito ulimsikia usimwone. Kufikia saa moja ukungu ulikuwa umegeuka manyunyu, na upande wa Manga mbingu zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Bosibori alisimama mlangoni pa jiko lake, akasema sala ya asubuhi kwa sauti ya chini, kisha akaanza kuhesabu saa. Jua lingetua saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Kabla ya hapo jiwe lilipaswa kuwa limekaguliwa na wazee na kuwekwa ukutani, kando ya mlango wa nyumba mpya ya sala. Jua likishatua ni Sabato, na siku ya Sabato hakuna kisu, hakuna saruji, hakuna kurekebisha. Na kama jiwe lingekataliwa, yeye angeweka patasi chini na asichonge tena. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano.

Wayahudi wa kijiji kile, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka mjini Nyamira, walikuwa kaya kumi na moja. Wote Wagusii, watu wa chai na ndizi kama majirani zao, na karibu wote walizaliwa katika nyumba za Wasabato au za Wakatoliki. Ni Mzee Obadiah, mwalimu aliyestaafu, aliyewakusanya miaka ishirini nyuma wakaanza kushika Torati, na ni yeye aliyewafundisha Kiebrania kila Jumanne jioni, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Bosibori alianza masomo hayo akiwa na miaka thelathini na minane. Mwaka wa kwanza alijua herufi tano tu. Alilia mara mbili njiani, na hakumwambia mtu.

Kazi yake alizaliwa nayo. Kwao ni Tabaka, kwenye machimbo ya jiwe la sabuni, ambako wanaume huchonga na wanawake huosha na kupiga msasa. Baba yake alipofariki yeye alishika kisu, watu wakasema atakichoka, hakukichoka. Alipoolewa na Mogire huku Nyamira, mawe yakamfuata kwa gari, kupitia Kisii na Nyakoe, na twiga na viboko na familia zilizokumbatiana zikarudi kwa njia ileile hadi duka la Rasiklal mjini Kisii.

Ubaya ulianzia kwa twiga mmoja. Miaka ya masomo ilikuwa imefanya kitu katika mikono yake bila kumwomba ruhusa. Kuna herufi iitwayo lamedi, yenye shingo inayopanda juu ya mstari kama mtu anayechungulia ua wa jirani, na siku moja Bosibori alichonga twiga, akimaliza akaona shingo ile ndiyo ile. Hakuwahi kuchonga kitu kizuri kama kile. Swati, binti wa Rasiklal, alikiweka dirishani mwa duka na kumwuliza kwa utani, "Mama, huyu twiga wako ameanza shule?" Bosibori alirudi nyumbani akiwa na furaha kama msichana. Wiki iliyofuata Makori akapita dirishani pale.

Makori alikuwa mwenyekiti wa kamati ya nyumba ya sala, mkulima wa chai mwenye ulimi usio na ala. Aliitisha kikao. Alisema amri ya pili inajulikana hata na mtoto, na kwamba wao walikuwa wamemvumilia mama huyu na wanyama wake, lakini sasa ameichukua herufi takatifu na kuivisha mnyama shingoni. Aachane na kuchonga au aachane nao. Bosibori alijibu kwamba hakuivisha herufi mnyama. Jicho lake limejifunza kitu, na hawezi kulifundisha kusahau. Makori akasema hayo ndiyo maneno ya waliochonga ndama.

Mzee Obadiah alisikiliza hadi chai ikapoa. Kisha akatoa uamuzi. Bosibori achonge jiwe la nyumba ya sala, lenye maneno sita ambayo kila Myahudi hulala nayo na kuamka nayo, ya kukiri kwamba Mungu ni mmoja. Likiwa sahihi herufi kwa herufi, mkono wake usiguswe tena na kikao chochote. Likiwa na kosa, aweke patasi chini. Na tena, jiwe lifanywe na mikono ya watu wa nyumba ya sala tu, si mwingine. "Bila nadhiri," akamalizia, na Bosibori naye akajibu, "Nitafanya, bila nadhiri."

Walisema hivyo kila walipoahidi jambo. Torati iliwafundisha kuogopa nadhiri, lakini Wagusii walikuwa wakiogopa kiapo tangu zamani, kile wanachokiita emuma, ambacho kikivunjwa humfuata mtu hadi kwa wajukuu. Kwa hiyo mtu angeahidi hata kuleta sukari, akaongeza maneno hayo mawili, ili asifungike.

"Ninyi mnaahidi huku mmeacha mlango wa nyuma wazi," mama yake Bosibori alipenda kusema.

Mama huyo, Orpah, alikuwa shemasi wa kanisa la Wasabato huko kwao, mwenye miaka sabini na mmoja na vidole vilivyochakaa ncha kwa msasa. Alichekesha watu kwa jambo hilohilo lililomuumiza. Siku ni ileile, alisema, jua linalowafungia ni lilelile, nyama ya nguruwe hailiwi pande zote mbili, basi binti yake alihama kanisa kama mtu anayehama nyumba akabeba jiko. Alikuwa amekuja Jumanne kwa sababu Bosibori alimpigia simu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya machimbo, jiwe likachelewa siku kumi, na herufi zilizoinuka juu ya jiwe hazipigwi msasa kwa pupa. Katika kaya zote kumi na moja hapakuwa na mtu aliyewahi kushika msasa wa mawe. Bosibori alijua sharti. Alilala nalo usiku mzima, na asubuhi akapiga simu.

Hakumwambia mama yake juu ya sharti hilo. Alitundika gunia mlangoni pa kibanda cha kazi, basi.

Mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, kwa hiyo Orpah alilala kwa jirani, Persis, Msabato mwenzake, na alfajiri akaja kibandani na kikapu chake. Mogire, kwa heshima ya Kigusii wanayoiita chinsoni, hakutia mguu kibandani siku zote nne. Alipotaka jambo alisimama nje, akaligeuzia gunia mgongo, akazungumza na migomba.

Ijumaa ile Bosibori alikaa jikoni akipika chakula cha siku mbili, maana moto wa Sabato hauwashwi. Saa nane kasoro robo alifunika sufuria ya mwisho, akanawa, akavuka ua.

Mama yake alikuwa amemaliza. Alikuwa amelimwagia jiwe maji ya mwisho na kulipangusa kwa kanga yake ya zamani. Lilikuwa jiwe la rangi ya waridi iliyofifia, ukubwa wa mlango wa kabati, na maneno yamesimama juu yake katika mistari miwili yakimeremeta. Bosibori alisogea karibu. Kisha akaanza kusoma kuanzia kulia, kama alivyofundishwa, kidole kikitembea hewani. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Kidole kilipofika kwenye herufi ya mwisho kikasimama.

Herufi ile ilikuwa daleti. Daleti ina paa na mguu, na pale juu kulia paa hupita mguu kidogo likatoa kisigino chenye ncha. Sasa hapakuwa na ncha. Palikuwa na mviringo, laini kama bega la mtoto mchanga.

"Baba," alisema, maana kwa Kigusii ndivyo mama anavyoitwa, "hapa palikuwa na kona."

"Palikuwa na kijino," Orpah alisema. "Kisu chako kiliteleza. Kijino hicho kilikuwa kinanikwaruza kidole tangu jana, nikakimaliza asubuhi. Unaweza kusema asante."

"Hakikuwa kijino."

"Jiwe lenye kona halifiki Mombasa."

Hilo lilikuwa somo la kwanza la kila msichana wa Tabaka tangu enzi ambazo mawe yalipakiwa kwa magunia kwenda kuuzwa pwani. Kona ndiyo huvunjika njiani, na kona ndiyo humwaibisha mpiga msasa. Orpah alikuwa amemaliza kona kwa miaka hamsini na tano. Alimfundisha Bosibori kuzitafuta macho yakiwa yamefumbwa.

Bosibori akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamweleza polepole. Herufi yenye kona ni daleti, na isiyo na kona ni reshi. Hazitofautiani kwa kitu kingine. Neno la mwisho lilikuwa ekhad, maana yake mmoja. Sasa linasomeka akher.

"Na akher ni nini?"

"Mwingine."

Orpah alitazama jiwe, kisha akatazama kipande cha msasa mkononi mwake kana kwamba kimewekwa pale na mtu asiyemjua.

"Yaani mimi," alisema, "shemasi miaka thelathini na mmoja, kwa kipande cha msasa nimewaongezea mungu mwingine."

Siku nyingine wangecheka mpaka wakashikana mabega.

Mogire alikuwa amekuja nje na koleo lake la saruji, na ukimya ule ulimtia wasiwasi. Akaiuliza migomba kuna nini. Bosibori alipomwambia, akasema akher inasikika kama heri, pengine watu wangedhani wameandikiwa heri. Akarudi na sauti nyingine, ya chini.

"Mzee ana mtoto wa jicho tangu Agosti. Makori anasoma kwa kubahatisha, unajua. Wengine wanaimba tu yale waliyokariri. Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

"Wewe ndiye unayetaka kuendelea kuchonga. Mimi nauliza tu."

Na alikuwa na haki ya kuuliza. Bosibori alikaa na swali hilo muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Aliwaza jiwe likiwekwa ukutani, watu wakipita na kulibusu kwa ncha za vidole miaka na miaka, na yeye peke yake akijua. Aliwaza patasi zake saba zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, juu ya kabati, zikishika kutu.

Kosa la kawaida lina dawa ya kawaida. Mchongaji akiharibu, hushusha uso wote wa jiwe kwa tupa, akaanza upya chini yake. Lakini katika maneno yale sita Jina la Mungu limo mara mbili, na Jina likishachongwa halifutwi. Mzee Obadiah alikuwa amewaambia wazi: jiwe kama hilo likiharibika halivunjwi wala halitupwi, huchimbiwa shimo likazikwa kama mtu, kwa sala. Makori alikuwa hata ameonyesha mahali, nyuma ya choo cha zamani, kwa mzaha usio mzaha.

"Waambie ni mimi," Orpah alisema. "Mama yako Msabato, mzee, hajui kusoma vyenu. Mimi naondoka leo hiihii. Wanilaumu nikiwa Tabaka."

"Siwezi kuwaambia hivyo."

"Kwa nini?"

Bosibori akatazama sakafu, iliyojaa unga mweupe wa jiwe. "Kwa sababu hawajui uko hapa. Walisema jiwe liguswe na mikono ya watu wetu tu."

Manyunyu yalikuwa yamekoma. Kwa Persis kuku walikuwa wakigombana. Orpah aliinua macho akatazama gunia lililoning'inia mlangoni.

"Nilidhani ni la upepo," alisema.

Akaweka msasa chini, akainuka kwa shida ya magoti, akalisukuma gunia akatoka. Bosibori alimwona kupitia upenyo akisimama kati ya migomba, mgongo wake mwembamba, kitambaa cha kichwani kikilowa kwa matone ya majani. Hakumfuata. Alifumba macho akaomba, si sala ya kitabuni, akaomba kama mtu aliyeshikwa. Ee Mungu, usinipe nilichostahili leo. Nipe saa nne tu.

Alipomaliza hakufumbua macho. Alinyoosha mkono akaigusa herufi, kama mama yake alivyomfundisha kutafuta kona. Vidole vilipita juu ya paa, vikashuka begani, vikateremka mguuni. Mguu ulikuwa mnene. Alikuwa ameuchonga mnene makusudi, uwe na nguvu. Vidole vikapanda tena, vikashuka tena.

Jiwe halirudishi kilichoondoka. Alikuwa anatafuta namna ya kuongeza kona, na kuongeza hakupo katika kazi ya jiwe, kuna kupunguza tu. Lakini mguu ukipunguzwa upande wa kulia, ukasogea ndani kidogo, na mviringo wa juu ukakatwa uwe bapa, paa lingebaki limetokeza. Kona ingetoka mle ndani, ilimokuwa siku zote.

Alipofumbua macho mama yake alikuwa amerudi, maji yakimtiririka usoni.

"Hasira yangu itaningoja," Orpah alisema. "Jua halingoji. Umeona nini?"

Bosibori alimwonyesha kwa ukucha. Orpah aliinama, akaligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, sikio karibu na uso wake, akagonga tena chini kidogo, kisha tena. Karibu na herufi ya mwisho sauti ilibadilika, ikawa nzito, kama mlango wenye mtu nyuma yake.

"Mshipa dhaifu unapita hapa," alisema. "Ukisukuma kisu kutoka juu, mguu wote unatoka. Anza chini, panda. Kidogo kidogo. Na ukikaribia paa usipumue."

Saa tisa mvua ilishuka, na ndani yake mvua ya mawe, ikapiga mabati hata wasisikiane. Orpah alishika kikombe akadondosha maji mahali kisu kilipopita, ili unga usifiche mstari. Bosibori alikata kutoka chini. Kila mkato haukuzidi unene wa ukucha. Kibanda kikaingia giza la mvua, Orpah akawasha tochi ya simu akaishika kwa mkono mwingine. Mara moja kulisikika mlio mdogo, tik, na wote wawili wakaganda. Chembe ilikuwa imeruka, kubwa kama punje ya wimbi. Orpah aligonga. Akasikiliza. Akatikisa kichwa kwamba mshipa haujafunguka, endelea.

Ilipofika saa kumi na nusu daleti ilikuwa imesimama. Mguu wake ulikuwa mwembamba kuliko miguu ya herufi nyingine, na kisigino chake kilikuwa kikali. Herufi zote ziling'aa, hii moja ilikuwa nyeupe, yenye alama za kisu. Mkono wa Orpah ulienda kwenye msasa wenyewe, kwa mazoea ya miaka hamsini na tano, ukafika juu ya herufi, ukasimama hapo. Kisha akaurudisha, akautia msasa kikapuni, akakifunika kikapu.

Nje sauti za watu zilikuwa zimeanza kupanda kilimani. Mvua ilikuwa imewachelewesha.

"Twende," Bosibori alisema.

"Niende kama nani?"

"Kama fundi."

Orpah alimtazama binti yake, kisha akalitazama gunia. Bosibori alilishika kwa mikono miwili, akalichomoa kwenye misumari, akalitupa chini.

Mogire na wanaume wawili walilibeba jiwe hadi kwenye nyumba ya sala, mkwe akitazama mbele tu ili macho yake yasikutane na ya mama mkwe aliyefuata nyuma. Nyumba ilinuka rangi mpya na udongo uliolowa. Watu wa kaya zote walikuwepo, na Persis alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake, amekuja kuona tu. Jiwe likalazwa juu ya meza. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na moja na robo, na saruji ya Mogire ilikuwa tayari kwenye karai.

Mzee Obadiah hakuinama kulisoma. Alivua miwani yake akaitia mfukoni, akaweka vidole viwili juu ya herufi ya kwanza. Mzee alikuwa anasoma kwa kugusa. Herufi moja moja, akitaja kila moja kwa sauti, isipokuwa Jina, ambalo alilipita kimya. Akamaliza mstari wa kwanza. Akaanza wa pili. Alipofika kwenye herufi ya mwisho vidole vyake vilipanda mguuni, vikagota kwenye kisigino, na akavirudisha upesi.

"Hapa panachoma," alisema. Akagusa tena. "Daleti. Ni sahihi. Jiwe lote ni sahihi." Pumzi zikatoka pande zote. Lakini mzee hakuondoa mkono. "Nyingine zote ni laini kama yai. Mbona hii umeiacha hivi, mwanangu? Ulikosa muda?"

Jibu lilikuwa limeandaliwa tayari na Mzee mwenyewe. Neno moja tu, ndiyo, na kazi ingekwisha.

"Muda haukukosekana, mwalimu," Bosibori alisema. "Kona ilikuwa imeondolewa. Neno likawa si lile. Nimeirudisha leo mchana, na nikaogopa kuigusa tena. Aliyeiondoa hakujua. Ni mama yangu. Ndiye aliyelipiga jiwe zima msasa, kuanzia Jumanne, nami nilimficha nyuma ya gunia. Yeye pia nilimficha sharti lenu. Na alipogundua, ndiye aliyenionyesha mahali mshipa unapopita. Bila yeye jiwe hili lingekuwa vipande."

Watu wakageuka kumtazama Orpah. Alikuwa amesimama wima, mikono mbele, vumbi jeupe hadi viwikoni.

Makori alitangulia kusema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema masharti yalikuwa mawili na moja limevunjwa, tena kwa siri. Alisema walipotoka makanisani walichekwa sokoni, wakaambiwa watarudi kwenye mizimu, na kila siku anaogopa kwamba waliocheka watakuwa na haki. "Leo nyumba haijafunguliwa bado," alisema, "tayari kuna jambo nyuma ya gunia. Wewe mwenyewe niambie nifanye nini."

"Mwambie aweke patasi chini," mtu mmoja alisema nyuma.

Bosibori hakumtazama Makori. Alimtazama Mzee Obadiah, ambaye alikuwa bado ameweka kidole kwenye kisigino cha herufi, akikibonyeza polepole kama mtu anayejaribu kisu.

"Ningeamini umekosa muda," mzee alisema mwishowe. "Nilikupa na jibu. Mbona hukulichukua?"

"Lingekuwa ukutani kila siku, mwalimu. Ningelipitaje?"

Mwanga wa magharibi ulikuwa umepasua mawingu, ukaingia mlangoni na kuangukia miguu ya Persis.

"Makori anasema kweli," mzee alisema. "Sharti limevunjwa. Lakini sharti lilikuwa langu, na nililisema bila nadhiri. Mnakumbuka." Akageuza uso wake upande alikodhani Orpah amesimama. "Mama, nasikia huwa unatucheka kwamba tunaacha mlango wa nyuma wazi."

"Nimesema hivyo," Orpah alijibu.

"Basi leo nautumia. Jiwe liende ukutani. Patasi zibaki mkononi mwake."

Mogire alikuwa ameshainama kuchukua karai. Makori akainua mkono, akasema sawa, yeye hapingi neno la mwalimu. Ila ana ombi. Mlango huo wa nyuma umetumika mara moja leo, na mara moja inatosha. Bosibori naye aseme neno lake hapa, mbele ya kaya zote na mbele ya majirani, neno lisilo na mlango wa nyuma, ili wajue wanaishi na nani.

Minong'ono ikapita. Hakuna aliyewahi kuombwa hivyo katika nyumba ile. Mama mmoja alitaja emuma kwa sauti ya chini. Mogire alisimama na karai, akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake haukuwa na utani.

Bosibori alisogea mezani, akaweka kiganja juu ya jiwe, mbali na Jina. Lilikuwa bado baridi kwa maji.

"Mimi Bosibori, binti Orpah," alisema, "naahidi mbele yenu, na sisemi bila nadhiri. Sitaacha kuchonga. Jina la Mungu sitalitia kwenye mnyama, Makori, na hilo sijawahi kulifanya. Lakini nitachonga twiga na nitachonga herufi, na jicho langu likijifunza kitu kwa kimoja, nitakipeleka kwa kingine mchana, watu wakiona. Kona hii haitaguswa na msasa maadamu ninaishi. Na mkono wa baba, mama yangu huyu aliyesimama pale, sitauficha tena mbele ya mtu yeyote."